Uzi mrefu: miaka 14 nachora watu "kama picha", na jerikani moja iliyonifundisha kuona

fundi_wa_walukuba (mleta uzi)

Wanajukwaa habari za jioni, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeukalia kama miezi miwili, naandika nafuta, leo acha niumwage tu hivyo hivyo ulivyo. Juzi kijana wa jirani aliingia kwangu akakuta mchoro wa mama muuza mukene, hawa dagaa wa ziwani, umeegemea ukuta, akausogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, alafu akaniuliza, mzee umetumia app gani hii? Nikamwambia ni mkono. Akasema ahaa, basi ni kama picha kabisa. Hiyo "kama picha kabisa" nimeisikia miaka 14 na zamani ilikuwa inanilewesha, lakini siku hiyo ilinikosesha usingizi, nikatoka nje usiku nikakaa kwenye ngazi nawaza ni lini nilianza kuchora na ni lini nilianza kuona, maana si siku moja, kati yake kuna miaka mingi.

Mimi ni wa Jinja, Uganda, mtaa wa Walukuba. Kwa wasioijua, zile ni nyumba za wafanyakazi za enzi viwanda vinakuja Jinja, bwawa la Owen Falls lilizinduliwa 1954 na watu wakatoka kila pembe kutafuta kazi, Wasamia, Wajaluo, Waacholi, Walugbara, mpaka wa kutoka Kenya, kwa hiyo mtoto wa Walukuba anakua na Kiswahili mdomoni hata kabla hajakijua Kisoga vizuri. Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo. Baba simkumbuki sana.

Nilianzia kwenye mabango. Kulikuwa na mzee ana banda lake barabarani, anachora vichwa vya kinyozi, kuku wa hoteli, jino la mng'oa meno, mambo hayo. Alinifundisha kupiga mstari kwa uzi wenye chaki ili herufi zisilale, akanifundisha kuosha brashi kwa mafuta ya taa alafu kwa sabuni, na alikuwa akisema herufi ni mtu, lazima isimame kwa miguu yake. Alafu flekisi ikaingia, haya mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, mteja anaenda na flashi anatoka na bango lake kabla chai haijapoa, mzee hakuwa na la kushindana nalo, akafunga banda akarudi kwao Tororo. Akaniachia brashi tano. Nikahamia kwenye sura za watu na huko ndiko nilikopata jina.

Kazi ya sura mnaijua, mteja anakuletea picha ndogo, unaipigia miraba, unapiga miraba ile ile mikubwa kwenye karatasi, unahamisha mraba mmoja mmoja. Mkono ukishazoea hukosei. Nilichora maharusi, wahitimu, maaskofu, mashehe, na kuliko wote nilichora marehemu, kwa sababu mtu akishaondoka ndio watu wanakumbuka kwamba hawana picha yake kubwa.

Akaja mama mmoja mjane, mkononi ana kitambulisho cha kazi cha mumewe tu, hana picha nyingine. Nilikaa na ile kazi wiki tatu, kila unywele, kila mkunjo wa kola. Alipokuja kuichukua alisimama nayo muda mrefu sana, akasema, "Ni yeye. Lakini mbona haniangalii?" Akalipa, akashukuru, akaondoka. Hakulalamika hata kidogo na ndio maana iliniuma vile. Nilikuwa nimebaki na nakala ya ile picha ndogo kwenye karatasi ya fotokopi, nikaichukua nikaiangalia, na nawaambia ukweli ilikuwa mara ya kwanza kuiangalia japo nilikuwa nimeikodolea wiki tatu. Taa ya kamera ilimpiga usoni moja kwa moja ikafuta vivuli vyote, pua ikawa bapa, na macho ni ya mtu aliyeambiwa usicheke, tazama hapa. Mimi nilichukua ufundi wangu wote nikachora ile dakika moja ambayo yule mzee hakuwa mume wa mtu wala baba wa mtu.

Nikaacha kupokea kazi za picha karibu mwaka mzima. Njaa nilikula nayo sahani moja. Simu inaisha moto, nitarudi.

mtoto_wa_reli

Naweka kiti hapa. "Mbona haniangalii" imenikaa kifuani. Endelea mkuu.

nyabo_wa_bugembe

Banange, mi nina ya baba hivyo hivyo sebuleni, kila mgeni anaisifia na mimi siwezi kuiangalia zaidi ya dakika moja, sikujua sababu mpaka leo. Ahsante kaka, tunangoja.

fundi_wa_walukuba

Nimerudi. Sasa jerikani.

Kila nyumba Uganda ina jerikani ya njano ya lita 20, ilikuja na mafuta ya kula ikabaki kuwa ya maji mpaka ipasuke. Nikachukua ya kwetu nikaiweka juu ya tofali uani, nikaapa sichori kitu kingine mpaka hii niimalize. Nilidhani wiki moja. Ilikula miezi nane.

Ya kwanza niliichora kwa akili. Najua jerikani ina pembe nne, ina mkono juu, ina mdomo pembeni, nikaviweka vyote, jirani akaitambua kwa mbali, lakini nilipoisimamisha kando ya yenyewe nikaona nimeandika tu neno jerikani kwa kutumia rangi. Kila kitu kilikuwa pale ninapojua kipo, hakuna hata kimoja kilichokuwa pale kilipo. Binamu yangu ni fundi mwashi, akaniazima timazi, ule uzi wenye kizito mwishoni wa kupimia ukuta, nikaitundika kwenye kamba ya nguo ipite mbele ya jicho langu. Jamani timazi haibembelezi mtu. Ule uzi uko wima, vingine vyote vinajisema vyenyewe vimelala kiasi gani. Jerikani yangu ya pembe nne kumbe haina pembe hata moja iliyonyooka, tumbo limevimba upande mmoja kwa miaka ya kutiwa maji ya moto, na mdomo uko chini ya pale ninapoujua, karibu upana wa kidole.

Kivuli ndicho kilichonitesa. Njano ukiitia nyeusi upate kivuli haipati kivuli, inageuka kijani, kijani cha mtu mgonjwa, jaribuni muone. Niliharibu vitambaa kumi na moja kabla sijakubali kwamba upande wa kivuli si njano iliyochafuliwa, ni rangi nyingine yenye maisha yake. Chini kule karibu na tofali ilikuwa na kahawia ya asali kwa sababu udongo wetu mwekundu unapigwa jua unarudisha mwanga juu, na pale begani panapotazama mbingu palikuwa na ubaridi wa kijivu. Alafu ikiwa na maji nusu ni kitu kingine tena, sehemu ya juu iliyo tupu mwanga unapenya plastiki inawaka kama taa na sehemu ya maji inakuwa nzito, mstari wa maji unauona kutoka nje. Nimebeba jerikani tangu nina miaka sita na sikuwahi kuliona hilo.

Na kuna lingine ambalo miezi nane ndiyo iliyonipa. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, sasa nilianza mwezi wa 5 nikiwa nachora mpaka mchana, na kivuli cha saa sita kinaangukia upande wa kusini, upande wa choo. Mwezi wa 9 kivuli cha mchana kikajificha chini ya jerikani yenyewe, karibu hakipo. Kufika mwezi wa 12 kimehamia kaskazini, upande wa mlango wa mama. Nilikaa chini siku hiyo nikashika kichwa. Jua limekuwa likivuka juu ya nyumba yetu kwenda na kurudi kila mwaka tangu nizaliwe na mimi nimelijulia kwenye jerikani.

Wale wanaofuatilia wachoraji wa nje wanamjua Antonio López García wa Hispania, alichora barabara ya Gran Vía pale Madrid kuanzia 1974 mpaka 1981, anaenda alfajiri za kiangazi kwa sababu ule mwanga alioutaka unakaa dakika chache tu kisha unaondoka, anakunja vyake anarudi kesho. Miaka saba kwa barabara moja. Nilipolisikia hilo sikumwona kama mtu wa ajabu, nilisikia faraja tu, nikasema kumbe nina ndugu.

Mtaniuliza ndani nilikuwa nahisi nini. Wiki za mwanzo ni hasira tupu. Kama dakika ya ishirini hivi mkono unaanza kukimbia peke yake, jicho liko kwenye jerikani lakini limelala, unachora kwa kumbukumbu na hujijui. Ni kama usingizi wa kwenye ibada, kichwa kiko wima na mwenyewe hayupo. Nikajifunza kuisikia hali hiyo inapokuja, nikiisikia naweka brashi chini, nakunywa maji, nazunguka uani, narudi. Kwenye ukuaji wangu wote nadhani hili ndilo kubwa kuliko lolote la rangi, kujua saa ngapi nimeacha kuona.

rangi_huru

Mleta uzi nakuheshimu na unaandika vizuri ila ruhusu nipingane. Uhalisia wote huu ni kunakili. Mzee Elimo Njau aliyesoma Makerere akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa pale Nairobi mwaka 1965 alikuwa akiwaambia vijana wasinakili, kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Simu yangu ya kawaida inanakili jerikani kwa sekunde moja. Alafu hii ya kufananisha kitu na kitu ni ya Wazungu, sisi michongo yetu na mikeka yetu haikuwa hivyo. Kwa nini mtu mwenye mkono kama wako asichore ndoto?

fundi_wa_walukuba

Mkuu rangi_huru swali lako nimelipenda na sitalijibu kwa haraka.

Maneno ya Mzee Njau nayaamini. Ile miaka yangu ya miraba ndiyo kunakili na Mungu alilala kweli, tena na mimi nililala. Lakini angalia alichofanya yeye mwenyewe, alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a na akayaweka kwenye nchi ya Wakikuyu, milima ile ile anayoiona mkulima wa pale akitoka mlangoni. Asingeweza kama hajaitazama ile milima.

La Uzungu ndilo linaloniwasha. Hapa kwetu Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, na mama yule alifanya kazi kubwa sana, lakini hakutaka kuwasukumia wanafunzi mbinu za Ulaya, aliona Mwafrika achote kwenye hadithi na mawazo yake. Aliyekuja baada yake, Cecil Todd, ndiye aliyetilia mkazo zaidi mambo ya nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Sasa nenda Lagos. Aina Onabolu, kazaliwa 1882, kajifunza mwenyewe kuchora sura za watu kwa uhalisia na mwaka 1906 kachora picha ya Bi Spencer Savage kabla hajakanyaga chuo chochote cha London. Wakati huo wako waliosema Mwafrika hana uwezo wa aina hiyo ya kuchora. Alisoma London akarudi akafundisha, akaomba serikali imletee msaidizi, akaja Kenneth Murray mwaka 1927, na Murray akaona watoto wa Kiafrika wabaki na ufundi wa kienyeji. Unaona ilivyo? Kuna mtu alikaa mahali akaamua mwenzake achore ndoto na asichore kinachomkabili. Mimi nikishika timazi na kuangalia sura ya mama wa Masese, huku kwetu Jinja ziwani, sijisikii nimeazima cha mtu. Timazi yenyewe ni ya binamu yangu.

Na uhalisia haukuanza kama mashindano ya kufanana. Courbet wa Ufaransa mwaka 1849 alichora wapasua mawe wawili, mzee na kijana, nguo zimechanika, sura hazionekani vizuri, na akawachora wakubwa kama walivyo, kwenye ukubwa wa turubai ambao watu walizoea kuuona kwa wafalme na watakatifu. Watu walikasirika kwa hilo, kwamba ni nani kawapa hawa nafasi yote hii. Ule mchoro uliteketea Ujerumani mwaka 1945 vitani. Lakini wapasua mawe hawajateketea, pita Kireka karibu na Kampala utawakuta akina mama na nyundo na watoto pembeni. Simu inawapiga picha kila siku kwa sekunde moja. Mimi nasema kuna kitu mtu anastahili kupewa ambacho ni zaidi ya sekunde moja.

Ndoto sizikatai. Mzee Jak Katarikawe wa Kigezi alikuwa dereva akaja kuchora ng'ombe za ndotoni na nazipenda mpaka kesho. Kila mtu ana mlango wake.

rangi_huru

Nimekuelewa hapo kwa Onabolu, sikuwa nimelitazama upande huo. Bado nachora ndoto lakini timazi nitaiazima.

mtoto_wa_reli

Mkuu tupe ya muuza mukene.

fundi_wa_walukuba

Hii inanipa aibu lakini niiseme. Miaka yote ya sura za picha wateja walikuwa wananong'ona, ukimchora mfanye mweupe kidogo. Nami nilifanya. Bibi harusi kidogo, askofu kidogo, mpaka marehemu. Ilifika mahali mkono ulikuwa unafanya kabla sijaombwa. Na yule niliyetaka kumwonyesha mweusi nilichota nyeusi ya kwenye tyubu, na nyeusi ile ikikaa peke yake inaziba uso kama shimo, hakuna mwanga unaotoka humo. Kwa hiyo ama nampausha mtu ama namzima. Hayo ndiyo nilikuwa nawafanyia watu wa kwetu kwa miaka na wananilipa.

Baada ya jerikani nikaenda Masese kwa mama mmoja anayeanika mukene, nikamwomba niwe nakaa kando yake nachora. Akasema kaa, lakini fukuza kunguru. Nikafukuza kunguru wiki nyingi. Mama yule ni mweusi wa kung'aa, na asubuhi saa mbili ukimwangalia kwa macho uliyoyakunja nusu, unaona paji la uso lina bluu. Bluu kweli. Mbingu na ziwa vimeshuka pale. Chini ya kidevu kuna wekundu wa udongo unaopanda kama ule wa jerikani, na kwenye mashavu kuna kahawia ya moto. Niliacha nyeusi ya tyubu nyumbani, nikawa nachanganya amba iliyochomwa, ile kahawia nzito, na bluu ya altramarini, hizo mbili zinakupa giza lenye uhai, unaweza kulivuta liwe la joto au la baridi unavyotaka. Ngozi yetu ina rangi nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora na nilikuwa nimeipita miaka kumi.

Alipoiona hakusema ni kama picha. Alisema, "Hapa nilikuwa nimechoka." Akaonyesha kwa kidole pale chini ya jicho. Nikamwambia ndiyo mama. Akasema, "Ilikuwa siku ya mvua, mukene wote uliloa." Na ni kweli, ilikuwa wiki ile.

penseli_2B

Shikamoo fundi. Mimi niko senior five hapa Mbale, nachora kwa penseli tu. Nataka kuanza rangi za mafuta, naanza na nini?

fundi_wa_walukuba

Marahaba kijana. Kitambaa cha marekani kinatosha, kivute vizuri kwenye fremu ya mbao na ukipake praima kwanza, ile rangi ya chini ya kuziba kitambaa, usipake mafuta moja kwa moja kwenye kitambaa kitaoza. Rangi tano zinakutosha, nyeupe, njano ya oka, siena iliyochomwa, amba iliyochomwa, altramarini. Tabaka za chini ziwe nyepesi na tapentaini, za juu ndio ziwe na mafuta zaidi, ukigeuza hapo juu inakauka kabla ya chini na mchoro unapasuka, mimi imenitokea nikalia. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, inakauka kwa kuvuta hewa, kwa hiyo miezi ya mvua uwe na subira. Na vitambaa ulivyofutia mafuta ya linsidi usivirundike pembeni, vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka, vitandaze nje vikauke au vilowe kwenye maji. Hilo tafadhali usilisahau unalala chumba kimoja na vitu vyako.

Ila usiikimbie penseli. Chora kiatu chako kila siku mwezi mzima.

nyabo_wa_bugembe

Kaka na mama yako je? Umemtaja mara mbili ukampita.

fundi_wa_walukuba

Dada umeniona.

Mama sikuwahi kumchora. Miaka 14, watu mia kadhaa, yeye hapana. Nilikuwa najiambia hana muda. Ukweli ni kwamba nilijua sura yake kuliko kitu chochote duniani na kwa hiyo niliogopa, kwa sababu jerikani ilishanionyesha ninachokijua kinavyoziba ninachokiona. Mwaka huu ametimiza 71. Nikamwomba. Akavaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la heshima la akina mama wa kwetu, akakaa kwenye kiti cha mbao mlangoni saa kumi jioni, mwanga unapoingia kwa ubavu. Siku ya kwanza alisinzia. Siku ya pili alinisimulia habari za kiwanda ambazo sikuwahi kuzisikia, kengele ya saa kumi na mbili asubuhi, vumbi la pamba kwenye kope, nyimbo walizokuwa wanaimba kushinda kelele za mashine.

Mama ana mkono wa kushoto ambao mashine iliuchukua vidole viwili, mimi nikiwa mdogo. Nyumbani anautumia bila shida, anamenya, anafua, anatupiga nao zamani. Lakini alipokaa kuchorwa akatandika kanga mapajani na ule mkono akauingiza chini yake. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi leo ya tisa. Sijamwambia autoe.

mtoto_wa_reli

Si unaujua ulivyo mkuu? Unaweza kuuchora kwa kumbukumbu tu, hata asipoutoa.

fundi_wa_walukuba

Naujua kila mfupa. Lakini hajauweka hapo juu ndugu yangu, ameuweka chini ya kanga, na mimi nachora alivyokaa. Kwa hiyo siku nne sasa sifanyi kingine, ni ile kanga. Nguo ikifunika mkono mzima inapanda na kushuka kwa namna fulani, ikifunika ule inashuka mapema, kuna mkunjo mmoja unaoanza pale kidole cha tatu kingekuwa alafu unakatika, na ndani ya ule mkunjo kuna kivuli kidogo chenye kijani cha gomesi. Nimekipaka nikakifuta mara sita. Jana aliniuliza bila kugeuza kichwa, "Bado uko kwenye kanga?" Nikasema bado mama. Akanyamaza, akasema, "Basi usiharakishe."

Leo mvua imetunyima. Kesho saa kumi nikijaliwa jua.